Kutengeneza Picha kwa Kompyuta: Tuponye Karatasi, Tusibadili Habari



Karibu kila nyumba hapa Punia iko na picha moja iliyoharibika. Pengine ni picha ya babu akiwa kijana, amevaa koti alilonunua wakati alipofanya kazi ya mgodi. Pengine ni picha ya arusi, ya ubatizo, ama ya mtoto aliyekufa. Mvua yetu haina huruma, na unyevu wa pori unaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Picha inashika ukungu, inagandamana na kioo, mende wanakula pembe zake. Tena ziko zile zilizobebwa porini ndani ya nguo wakati wa vita vya 1996 na vya 1998. Zilikunjwa mara nne, na leo mkunjo unapita katikati ya uso wa mtu.

Vijana wengi wanajua kwamba kompyuta, na hata simu, inaweza kufuta alama za namna hiyo. Lakini wachache wanajua jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na wachache zaidi wanajiuliza ni wapi fundi anapaswa kusimama. Sisi finalisti tuliona vema tuandike somo juu ya mambo hayo mawili. Gazeti letu linapigwa kwa mashine ya kunakili na picha hazitoki vizuri ndani yake, kwa hiyo tutaeleza kwa maneno na kwa hesabu. Msiogope: ni hesabu za kuongeza na kutoa tu.

1. PICHA NDANI YA KOMPYUTA NI HESABU

Ukiikuza sana picha iliyo ndani ya kompyuta, mwisho wake utaona kwamba imejengwa kwa vijiraba vidogo vidogo, sawa mkeka uliosukwa kwa nyuzi za rangi nyingi. Kila kijiraba kinaitwa pikseli. Tuchukue picha ndogo ya kitambulisho yenye sentimita 4 kwa 5. Ukiipitisha katika skana kwa kipimo cha nukta 600 kwa inchi 1, utapata pikseli 945 kwa upana na 1,181 kwa urefu. Zidisha, utaona zaidi ya pikseli milioni 1 ndani ya kipande cha karatasi kinachojificha katika kiganja.

Kila pikseli inabeba hesabu. Katika picha ya kawaida isiyo na rangi, 0 ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe kabisa. Zilizo katikati ni kijivu, toka cha giza mpaka cha mwanga. Picha ya rangi inabeba hesabu 3 kwa kila pikseli: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu.

Sasa tuangalie mstari mmoja wa pikseli 7 kwenye shati jeupe la babu:

180 – 182 – 181 – 40 – 42 – 183 – 180

Mnaona hesabu mbili za katikati, 40 na 42? Hilo njo doa la ukungu. Shati ni jeupe, lakini pale pameingia weusi. Kompyuta yenyewe haijui shati ni nini, wala haijui ukungu ni nini. Inajua hesabu tu. Ni wewe mtu unayejua kwamba babu hakuvaa shati lenye doa.

Ulizo: chini ya doa lile, hesabu za kweli zilikuwa ngapi? Hakuna anayejua. Karatasi ilikwisha kuliwa. Neno hili tulishike vizuri, maana somo lote limejengwa juu yake: kompyuta hairudishi kilichopotea, inaweka kitu kingine fasi yake.

2. KASHE YA KUNAKILI

Chombo cha kwanza tutakiita kashe ya kunakili. Jina hili linafaa kwa sababu kinafanana na kashe ya ofisi: unagusa fasi moja, unapiga fasi nyingine. Tofauti ni hii: kashe ya ofisi iko na wino wake, lakini hii inakwenda kuazima wino ndani ya picha yenyewe.

Kazi yake ni kama ifuatavyo. Kwanza unaonyesha kompyuta chanzo, ni kusema fasi nzima isiyo na doa. Katika programu ya GIMP unachagua kashe kwa herufi C, halafu unashika kitufe cha Ctrl na kubonyeza pale kwenye chanzo. Katika Photoshop kashe ni herufi S, na chanzo kinachaguliwa kwa kushika Alt. Kisha unakwenda juu ya doa na kupaka kwa brashi. Hesabu za chanzo zinanakiliwa juu ya hesabu za doa. Katika mfano wetu, 40 na 42 zinaweza kugeuka 182 na 181, na shati linakuwa jeupe tena.

Chanzo na brashi vinaweza kutembea pamoja, sawa watu wawili wanaobeba mti mmoja mabegani. Wa mbele akienda hatua 2 kuume, wa nyuma naye anakwenda hatua 2 kuume. Mwendo huo unafaa, kwa sababu mstari wa kola au wa ukuta unaweza kufuatwa pasipo kuvunjika. Lakini una hatari: usipoangalia, mwenzako wa nyuma anaweza kukanyaga jicho la mtu, na jicho lile litatokea katikati ya shavu.

Photoshop ilianzishwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas Knoll na John Knoll, na kampuni ya Adobe ikaanza kuiuza mwaka 1990. GIMP ilitengenezwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ikatolewa kwa watu wote mwaka 1996. Kwa sisi wa Punia GIMP inafaa zaidi. Hailipiwi, unaweza kuipokea kwa rafiki katika flashi, na ikishaingia ndani ya kompyuta inafanya kazi pasipo intaneti. Mnajua wenyewe taabu ya umeme na ya mtandao hapa kwetu.

3. CHOMBO CHA KUPONYA

Kashe inanakili bila kufikiri. Ukichukua ngozi ya shavu lililo upande wa kivuli na kuipiga kwenye shavu lililo upande wa jua, utaona kiraka, sawa suruali ya kaki iliyoshonewa kitambaa cheusi. Juu ya shida hiyo, chombo cha pili kiliongezwa. Katika Photoshop kiliingia mwaka 2002. Katika GIMP kinachaguliwa kwa herufi H. Sisi tunakiita kiponya.

Kiponya kinaazima namna ya ngozi au kitambaa kwenye chanzo, lakini mwanga kinauchukua pale pale penye jeraha. Tazameni hesabu hizi. Chanzo kiko kivulini: 120 – 124 – 119. Jumla yake ni 363. Ukigawanya kwa 3 utapata 121. Sasa toa 121 kwa kila moja: zinabaki –1, +3, –2. Hizi njo vipele vidogo vya ngozi, bila mwanga wake. Penye doa, ngozi ya jirani ina mwanga wa 181. Ongeza: 180 – 184 – 179. Vipele vimetoka kivulini, mwanga umetoka juani, na kiraka hakionekani. Hesabu za kweli za programu ni ndefu kuliko hizi, lakini wazo njo hili.

Basi tuchague lini hiki na lini kile? Kiponya kinafaa katikati ya uso, kwenye ukuta, kwenye mbingu, kwenye kitambaa kisicho na mistari. Karibu na mpaka wa vitu viwili, mfano nywele na mbingu, kiponya kinachanganya rangi na kuacha tope. Hapo rudi kwenye kashe.

4. HATUA ZA KAZI

Tuseme mmeletewa picha ya zamani yenye mkunjo na ukungu. Fanyeni hivi:

a) Msiikwangue kwa kucha, wala msiipanguse kwa kitambaa chenye maji. Kama imegandamana na kioo, msiivute. Ipigeni picha hivyo hivyo juu ya kioo.

b) Ingizeni picha katika kompyuta. Kama hakuna skana, tumieni simu. Wekeni picha chini, kivulini, fasi yenye mwanga wa kutosha, mchana. Simameni ili simu iwe sawasawa juu yake, isiinamie upande. Msitumie taa ya simu, inaleta doa jeupe.

c) Faili ya kwanza haiguswi. Fanyeni nakala, na kazi yote ifanyike katika nakala. Faili ya kwanza iandikwe jina na tarehe, na iwekwe fasi mbili.

d) Ndani ya programu, fungueni tabaka jipya juu ya picha na mfanye kazi ndani ya tabaka hilo, huku mkiiambia programu itazame picha iliyo chini yake. Ni sawa kuweka karatasi ya kioo juu ya picha na kupaka juu ya kioo. Mkikosea, mnaondoa kioo. Picha iliyo chini iko salama.

e) Brashi iwe kubwa kidogo kuliko doa. Ikiwa kubwa mno inameza vitu visivyo na kosa.

f) Chanzo kiwe karibu na doa, penye mwanga ule ule. Tena kibadilisheni mara kwa mara. Fundi mvivu anachagua chanzo kimoja na kupiga mara 20. Mwisho wake ukuta unakuwa na alama ileile mara 20, na mtoto wa darasa la kwanza anaitambua.

g) Anzeni na fasi rahisi: ukuta, mbingu, udongo. Halafu nguo. Uso uwe wa mwisho, wakati mkono umekwisha kuzoea.

h) Kila mara rudisheni picha kwenye ukubwa wake wa kawaida na kuitazama kwa mbali. Kazi inayoonekana nzuri mkiwa ndani ya pikseli inaweza kuonekana mbaya mkitoka nje.

i) Mwisho, andikeni katika daftari: picha ya nani, tumefuta nini, tumeacha nini, tarehe gani. Hatua hii wengi wanaicheka. Tutaona chini kwa nini tunaidai.

5. MPAKA UKO WAPI?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kisu kinachomenya muhogo kinaweza kukata kidole. Chombo kinachofuta ukungu kwenye shati kinaweza kufuta mtu mzima aliyesimama kando ya shati hilo, na kuweka majani au ukuta fasi yake. Kwa kompyuta hakuna tofauti: zote ni hesabu. Tofauti iko kwetu. Tuangalie mambo matatu.

Jambo la kwanza: doa la ukungu kwenye shavu. Siku picha ilipopigwa, ukungu haukuwa kwenye shavu la mtu yule. Ulikuja baadaye, juu ya karatasi. Tukiuondoa tunaponya karatasi. Hakuna ubaya.

Jambo la pili: mende wamekula jicho moja. Wengi watasema: «Ni rahisi, chukua jicho la pili, ligeuze, ulibandike.» Programu inaweza. Lakini tazameni nuso za watu vizuri. Jicho la kushoto na la kuume havilingani kabisa. Tena mwanga uliotoka kushoto utaonekana sasa umetoka kuume, kwa jicho lile tu. Mtu anayemjua marehemu atasema: «Ni yeye, lakini si yeye.» Shauri letu ni hili: mwulize mwenye picha kwanza. Akikubali, fanya, lakini andika nyuma ya karatasi kwamba jicho limetengenezwa. Asipokubali, liache tundu. Tundu linasema kweli: hapa palipotea kitu.

Jambo la tatu njo gumu. Mtu anakuja na picha nzuri, haina ukungu, haina mkunjo. Anaonyesha kwa kidole: «Mwanangu, huyu mutu umutoshe. Sasa hatupatane naye tena.» Pengine ni shemeji waliyegombana naye juu ya kiwanja. Pengine ni mke wa kwanza. Katika picha za darasa, pengine ni msichana aliyeacha masomo kwa sababu alipata mimba, ama kijana aliyekosa pesa za shule, na wenzake hawataki tena aonekane kati yao. Ombi la namna hii limekwisha kufika kwetu pia.

Jibu letu ni hapana, na sababu yake ni hii. Siku ile mtu huyo alikuwapo. Jua lilimwangaza, na mwanga uliotoka kwake uliingia katika mashine. Si karatasi iliyompata baadaye. Tukimfuta, hatuponyi karatasi, tunabadili habari. Baada ya miaka 30 watoto watashika picha hiyo na kusema: «Mnaona? Hakuwa wa jamaa yetu.» Pengine watasema hivyo mbele ya wazee wanaokata shauri la urithi, na picha yetu itakuwa shahidi. Amri ya 9 inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Haikusema kwamba uongo wa mdomo tu njo mbaya na ule wa kompyuta ni mzuri.

Mambo haya hayakuanza na kompyuta. Mwaka 1937 Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, alipigwa picha kando ya mfereji unaounganisha Moscow na mto Volga. Pembeni yake alitembea Nikolai Yezhov, mkubwa wa polisi ya siri. Baadaye Yezhov alikosana na mkubwa wake, na akauawa mwaka 1940. Picha ikatolewa tena, na fasi ya Yezhov palikuwa na maji ya mfereji tu. Mafundi wa wakati ule walitumia makasi, brashi na rangi. Lakini waliazima maji ya jirani kuficha mtu, sawasawa na kashe yetu.

Tusifikiri tena kwamba kila anayeunganisha picha ni mwongo. Pale Lamu, pwani ya Kenya, Omar Said Bakor alikuwa na studio iliyojulikana kwa picha za kukata na kubandika. Kila aliyeziangalia aliona kwamba ni pambo. Mwenye picha alijua, na mtazamaji alijua. Hakuna aliyedanganywa. Hata leo ukitaka kujiweka mbele ya jengo la London kwa mchezo, cheza. Ubaya unaanza pale unapomwambia mwingine: hivi njo ilivyokuwa.

6. KWA NINI SISI WAKONGO TUSILICHEZEE JAMBO HILI

Nchi yetu iko na deni kubwa kwa picha. Mwezi wa tano 1904, pale Baringa kwenye mto Maringa, mtu mmoja jina lake Nsala alifika kwenye misheni ya Kiprotestanti. Alibeba furushi la majani, na ndani yake mlikuwa mkono na mguu wa mtoto wake Boali, msichana wa miaka 5 hivi, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alimketisha Nsala barazani na kumpiga picha akitazama viungo vya mwanawe.

Siku zile serikali ya Mfalme Leopold wa 2 ilikuwa ikikana mashitaka ya ukatili. Barua zilikanwa, maneno ya wamisionari yalikanwa, na maneno ya Wakongo wenyewe hayakusikilizwa vya kutosha. Lakini picha za Alice Harris zilionyeshwa kwa taa juu ya kitambaa cheupe, mbele ya mikutano ya watu wengi Uingereza na Marekani. Mwandishi Mmarekani Mark Twain, katika kitabu kidogo alichotoa mwaka 1905, alimwonyesha mfalme akiilalamikia mashine ya picha kama shahidi pekee asiyeweza kumhonga. Mwaka 1908 Kongo ilitolewa mikononi mwa Leopold na kuwekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakwisha siku hiyo, na si picha peke yake zilizofanya kazi. Lakini zilikuwa na nguvu ambayo maneno hayakuwa nayo, kwa sababu watu waliamini kwamba kilicho ndani ya picha kilikuwapo mbele ya mashine.

Imani hiyo njo mali tunayoweza kuipoteza. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, tumeona picha nyingi za vita zikipita katika simu. Nyingine ni za kweli, nyingine ni za vita vya nchi nyingine. Kila picha ya uongo inayotambuliwa inampa mwenye kosa neno la kujitetea: «Na ile nyingine pia ni ya kompyuta.» Anayeteseka leo kama Nsala atakuja na picha yake, na ataambiwa hivyo. Kwa hiyo anayesema uongo kwa picha hawadanganyi watazamaji tu. Anamnyang'anya mwingine ushahidi wake.

Mashirika makubwa ya habari yalikwisha kuona hatari hiyo. Mwezi wa nane 2006 shirika la Reuters lilitoa picha ya Beirut baada ya mabomu. Mpiga picha Adnan Hajj alikuwa amenakili moshi kwa kashe ili uonekane mwingi na mweusi zaidi. Wasomaji waliona mawingu ya moshi yanayofanana kama pacha. Reuters iliacha kufanya kazi naye na kuondoa picha zake zote 920 zilizokuwa zikiuzwa. Mwezi wa saba 2008 Iran ilitoa picha ya makombora 4 yakiruka pamoja. Kumbe moja lilikuwa limebandikwa. Vumbi na moshi wake viliazimwa kwa majirani zake.

Mfano wa tatu njo unaotufundisha zaidi. Narciso Contreras, aliyekuwa mmoja wa washindi wa tuzo ya Pulitzer mwaka 2013, alipiga picha ya mpiganaji huko Syria. Pembeni ilionekana kamera ya mwandishi mwenzake. Akaifuta na kuweka mawe na udongo fasi yake. Kamera tu! Haikubadili vita wala mpiganaji. Lakini mwezi wa kwanza 2014 shirika la AP liliachana naye. Walikagua karibu picha zake 500 na hawakuona kosa lingine. Mtaona adhabu ni kali. Lakini mnunuzi wa habari angejuaje kama safari ijayo kitakachofutwa ni kamera ama ni maiti?

7. NAMNA YA KUTAMBUA KAZI YA KASHE

Mkipokea picha, kabla ya kuituma kwa wengine, itazameni hivi:

a) Tafuteni pacha: majani mawili, mawe mawili, mawingu mawili yanayolingana kabisa. Mungu hakuumba mawingu kwa kashe.

b) Tafuteni kivuli kisicho na mwenyewe, ama mtu asiye na kivuli wakati wenzake wanacho.

c) Hesabuni mikono begani na viunoni. Mtu akifutwa, mara nyingi mkono wake unabaki begani mwa rafiki.

d) Fuateni mistari mirefu: ukingo wa paa, benchi, kamba ya nguo. Ikivunjika au kupinda bila sababu, ulizeni.

e) Ulizeni picha imetoka kwa nani, lini, na kama iko faili ya kwanza.

Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazoweza kujaza fasi tupu kwa vitu vipya. Photoshop ilipata uwezo huo mwaka 2023. Kashe inaazima kwa jirani ndani ya picha ile ile, lakini programu hizi zinabuni kutokana na mafunzo ya picha nyingi sana za watu wengine. Pacha hazionekani. Kwa hiyo lile ulizo la mwisho, «faili ya kwanza iko wapi?», lina nguvu kuliko macho. Hiyo njo sababu tunadai daftari na faili isiyoguswa.

8. SHERIA TANO TUNAZOPENDEKEZA

Sisi finalisti tunaomba kila mwanafunzi anayetengeneza picha, kwa upendo au kwa malipo, ashike sheria hizi:

Kwanza: faili ya kwanza isifutwe kamwe.

Pili: tuondoe kilichokuja juu ya karatasi baada ya siku ile, tusiondoe kilichokuwa mbele ya mashine siku ile.

Tatu: uso wa mtu ubaki uso wake. Katika picha ya kitambulisho ama ya faili ya mtihani, kovu libaki, rangi ya ngozi ibaki. Picha hiyo ni ya kukutambulisha, si ya kukupamba.

Nne: pale tulipobuni, tuandike kwamba tumebuni.

Tano: anayeomba mtu afutwe, ajibiwe kwa heshima. Tumwambie: «Mama, ama Baba, tunaweza kukata karatasi kandokando ili ubaki na sehemu unayotaka, lakini nakala nzima lazima ikae.» Kukata kando kunajulikana, anayetazama anajua kwamba picha ina pembe nyingine. Kuweka ukuta fasi ya mtu ni jambo lingine.

Na picha za madarasa zitakazopita mikononi mwetu zitabaki na wote waliosimama siku ile: waliomaliza, walioacha, waliofukuzwa, na wale tuliowazika. Waliketi benchi moja nasi. Hakuna aliyetupa ruhusa ya kusema kwamba benchi lilikuwa tupu.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Mstari wa pikseli ni 90 – 92 – 230 – 91 – 89. Doa liko wapi? Ni jeusi ama jeupe?

2. Chanzo ni 60 – 66 – 63, na ngozi ya jirani penye doa ina mwanga wa 150. Kiponya kitaandika hesabu gani? (Jibu: 147 – 153 – 150. Onyesheni njia.)

3. Kwa nini kashe inafaa kuliko kiponya kwenye mpaka wa nywele na mbingu?

4. Picha ya ubatizo: nyuma ya mtoto mbuzi anapita. Mama anaomba mbuzi aondolewe. Mtafanya nini, na mtaandika nini katika daftari? Jadilianeni, sisi wenyewe hatukupatana.

5. Kwa nini Nsala alihitaji picha isiyoguswa?

Majibu ya ulizo la 4 na la 5 yaletwe kwa makapita wa madarasa, yameandikwa kwa mkono unaosomeka. Yaliyo bora tutayachapa katika gazeti lijalo.

Wasalaam,
sisi finalisti, kwa mkono wa kapita wa wanafunzi.